Bonde Nililolinyima Jina

Jiwe liliua ng'ombe kabla hatujajua kwamba ni jiwe.

Ulikuwa mwezi wa baridi, mchana, ukungu umekwisha kuinuka. Tulikuwa watu kama ishirini tukilima vinyungu vya baba, yaani matuta ya bondeni ambayo kwetu hulimwa kiangazi kwa sababu udongo wake haukauki. Kazi ilikuwa ya mgowe, yaani ya kusaidiana kwa zamu. Majirani walikuja na majembe yao, mama alikuwa amepika pombe ya ulezi, na mtungi ulikuwa umewekwa kivulini ukisubiri tumalize.

Ng'ombe hakuwa wetu. Alikuwa wa watu wa kilima cha pili, ng'ambo ya kijito, naye alikuwa amevuka na kuingia kwenye njegere zetu. Shangazi alimwona, akaacha jembe, akaokota fimbo. Nilikuwa ninamtazama alipokuwa akimkaribia. Ndipo juu yetu pakanguruma kama lori linaloporomoka kwenye mawe, ila mbingu zilikuwa nyeupe na tupu. Wengine walilala chini. Mimi nilibaki nimesimama. Kikapita kitu ambacho sikukiona, ardhi ikanipiga nyayo, na matope yakaruka juu kuliko mianzi.

Yalipotulia, shangazi alikuwa bado amesimama na fimbo juu, amefunikwa damu na tope kuanzia nywele hadi kanga. Mbele yake ng'ombe alikuwa amekatika mgongo. Kichwa kilikuwa kinatafuna bado. Njegere zilikuwa mdomoni.

"Mimi nilitaka kumchapa tu," shangazi alisema. Kisha akakaa chini kwenye tuta.

Baba mdogo alimmaliza yule ng'ombe kwa shoka. Chini yake palikuwa na shimo linaloingia mkono mzima hadi begani, na mwisho wa shimo palikuwa na kitu kigumu. Tulikichimbua. Kilikuwa na ukubwa wa boga, cheusi, chenye mabonde madogo kama alama za vidole kwenye udongo wa mfinyanzi. Wanaume wanne walikiinua kwa shida. Upande mmoja kilikuwa na pembe, kama kidole gumba kilichojitokeza.

Hatukupata muda wa kushangaa. Wenye ng'ombe walifika wakikimbia.

"Mnachuna ng'ombe wetu?" aliuliza mkubwa wao.

"Tunamchuna aliyekula njegere zetu," baba mdogo alijibu. "Njegere zimo humo tumboni. Tukizitoa utachukua kilichobaki."

Watu wetu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichompotezea baba mdogo meno mawili. Alipigwa mpini wa jembe mdomoni akiwa bado anacheka. Mtungi wa pombe ulipasuka. Wanawake walirushiana madongoa kutoka kila upande wa kijito. Mwisho wenzetu walimburuta ng'ombe wao vipande viwili, sisi tukabaki na jiwe.

Inafaa nieleze vilima hivi viwili, ingawa sitavitaja. Sababu nitaisema mwishoni. Kilima chetu kilikuwa cha Walutheri, kina kanisa la nyasi, na darasa lake liliishia la pili. Kilima cha pili kilikuwa cha Wakatoliki, karibu na misheni yao, kina shule ya matofali. Mimi nilivuka kijito kila asubuhi kwenda kumaliza darasa la nne huko. Nilikaa benchi moja na kijana wa kule kwa miaka miwili. Mimi nina haya. Mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, koo hufunga. Yule mwenzangu alikuwa akinitaka nimnong'oneze jibu, kisha anasimama na kusema, "Mwalimu, anasema kumi na sita." Darasa lilikuwa likimwita mdomo wangu. Hakuchukia.

Bonde la katikati lililimwa na watu wa pande zote mbili, kila upande ukilima kingo zake, na kila upande ulikuwa na jina lake kwa bonde hilo. Sisi tuliliita hivi, wao waliliita vile. Siku za amani hakuna aliyejali.

Baba alijali kwa sababu ya setla. Mwaka ule jumbe alikuwa ametuambia kwamba kuna Mzungu anayeomba shamba kubwa upande wetu, na kwamba yeye jumbe ameonyeshwa ramani yake. Jumbe hakujua kusoma, ila aliona kwa macho yake mahali Njombe ilipoandikwa, mahali Makambako ilipoandikwa, na barabara kati yao. Kwetu palikuwa peupe.

"Peupe namna gani?" baba aliuliza.

"Kama ugali," jumbe alisema.

Tangu siku ile baba hakulala vizuri. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Mama, sisi watoto na hata mbuzi tuliujua mkono wake. Jiwe lilipoanguka alikaa nalo siku nzima, kisha akaniita.

"Utaandika barua bomani," alisema. "Waambie jiwe limetoka mbinguni na limeanguka kwetu. Taja kilima. Wakija kuliona, watakiandika kilima, na palipoandikwa Mzungu hapewi."

"Ndiyo, baba."

"Taja kilima mara tatu."

Niliandika kwa siku tatu. Mimi huandika polepole. Kila herufi naitazama kabla sijaiacha. Siku ya pili baba alikuja, akaona nimefika mstari wa nne, akanipiga kofi lililomwaga wino kwenye karatasi, nikaanza upya. Mtu aliyekuwa anakwenda Njombe kuuza kuku aliichukua barua.

Tulipokuwa tukisubiri, alipita mhunzi Mkinga kutoka Ipelele, mzee aliyezoea kuja kwetu na majembe mgongoni. Baba alimwomba alitazame jiwe. Mzee aliligonga kwa nyundo mara moja, akainama kusikiliza, akaligonga tena.

"Kamwene," aliliambia jiwe, kama mtu anayemsalimu mgeni. Kisha akamgeukia baba. "Hili ni chuma. Halijapita tanuri la mtu yeyote. Nipe hiyo pembe nikuonyeshe."

Hapo ndipo tulipokosea, na sidhani watu wengine wangekosea hivyo. Kwetu chuma hakiaminiki mpaka kipite motoni. Mtu akikuuzia jembe lisilolia vizuri, unalirudisha kwa mhunzi alichome mbele yako. Baba alitaka kuwa na hakika kabla Mzungu hajaja. Basi mhunzi alichimba tanuri, akafunga mivukuto, na mimi nikavukuta tangu asubuhi hadi nikatapika. Walilaza jiwe ubavu, pembe ikaingia kwenye makaa. Ilipokuwa nyekundu mzee aliikata kwa patasi na nyundo kubwa. Kila pigo lilinifika menoni. Kipande kilipodondoka, alikirudisha motoni, akakifua, akakifua tena, mpaka kikawa kisu kifupi kipana cha kuvunia ulezi. Kililia vizuri. Baba alikishika akatabasamu. Ni mara chache nilimwona akitabasamu.

Bwana wa mawe, yaani mtaalamu wa miamba aliyetumwa na serikali, alifika kwa lori baada ya wiki kadhaa, pamoja na karani wa kumtafsiria. Alikuwa Mzungu mwembamba, mwenye miwani, aliyekunja suruali yake mwenyewe na kuingia kwenye tope. Watu wa vilima vyote viwili walikuwa wamekwisha kukusanyika. Sisi tulikaa upande wetu wa kijito, wao upande wao. Sikuona mtu ambaye hakubeba fimbo. Mwenzangu wa benchi alikuwepo. Aliinua nyusi kunisalimu, nami nikainamisha macho kwa sababu baba alikuwa ananitazama.

Bwana alilipapasa jiwe kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Akaona mahali pembe ilipokatwa. Akauliza. Baba alimpa kile kisu kwa mikono miwili.

Bwana alikitazama, akavua miwani, akasema maneno ambayo karani hakuyatafsiri yote.

"Anasema mmekiua," karani alisema.

"Nani kakiua? Ni kizima, kinakata," baba alijibu.

Karani alieleza, na mimi nilisikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza darasani. Mawe ya angani, alisema, yana koo zake kama sisi. Yapo ya mawe matupu, yapo ya chuma, na yapo machache yaliyochanganyika. Lile la chuma hukatwa kipande, husuguliwa mpaka king'ae, kisha humwagiwa tindikali. Hapo hutokea mistari iliyopishana kama ukili wa mkeka. Kwa upana wa mistari hiyo wataalamu hujua jiwe ni la ukoo gani na ndugu zake walianguka nchi zipi. Moto wa mhunzi huifuta mistari. Kisu chetu kilikuwa chuma kizuri kisicho na ukoo.

"Lakini lenyewe limebaki kubwa," karani aliongeza. "Upande wa pili haukuungua. Bwana atakata huko."

Bwana alimrudishia baba kisu. Baba alinitupia mimi.

"Na jina?" baba aliuliza. "Litaitwaje?"

Karani alisema jiwe haliitwi kwa mtu aliyeliona, wala kwa mwenye shamba, wala kwa chifu. Huitwa kwa mahali lilipoanguka, na hata likipasuka vipande mia huwa na jina lile lile moja. Ila mahali hapo lazima pawe na jina lililoandikwa tayari. Bwana alifungua ramani juu ya boneti ya lori. Akaweka kidole mahali tulipo, akanyoosha uzi kutoka hapo hadi Makambako, kisha hadi Njombe. Uzi wa Njombe ulikuwa mfupi zaidi, na Njombe palikuwa na posta.

"Litaitwa Njombe," karani alisema.

"Njombe hakuna ng'ombe aliyekufa," alisema mkubwa wa ng'ambo, na kwa mara ya kwanza watu wa pande zote walicheka pamoja.

Baba hakucheka. Alisogea mpaka kwenye lori. "Mwambie bwana, kwa nini lisiitwe kwa kilima chetu?"

"Kilima chako hakimo kwenye ramani, mzee."

"Ndiyo maana nililitunza jiwe. Akiweke."

Karani alitafsiri. Bwana aliikunja ramani. Kisha akasema kwamba jina la jiwe hawezi kulibadili, lakini atachora mchoro wa mahali lilipoanguka, na kwenye mchoro ataandika majina yote kama wenyeji wanavyosema. Mchoro utakaa pamoja na jiwe kwenye faili, na wachora ramani huyatazama mafaili hayo wanapotengeneza ramani mpya.

Nilimwona baba akishusha pumzi. Nadhani kama bwana angeanza na vilima, yaliyofuata yasingetokea. Lakini yeye alirudi kusimama kwenye shimo, akaanza na alipokanyaga.

"Hapa bondeni panaitwaje?"

Baba alilitaja jina letu. Mkubwa wa ng'ambo alilitaja lao, kwa sauti kubwa zaidi. Baba akarudia. Mtu mmoja wa kule akasema, "Andika letu, damu iliyomwagika hapa ni ya ng'ombe wetu." Baba mdogo, kwa mdomo wake wenye pengo, akamjibu tusi juu ya mama yake. Watu wa ng'ambo wakavuka kijito.

Sijui kupigana. Niliona fimbo nyingi zikipanda na kushuka, na nilisikia sauti ya mbao juu ya mifupa, ambayo si kubwa kama watu wanavyodhani. Mzee mmoja wetu alianguka kifudifudi kwenye tuta na watu wakapita juu yake. Mwanamke wa ng'ambo alikuwa anamng'ata baba mdogo sikio. Bwana alipigwa usoni, nadhani kwa bahati mbaya, na miwani yake ikaruka ikakanyagwa. Baba alikuwa amekumbatia jiwe, kana kwamba walitaka kulibeba. Jembe lilimpata mkono wa kushoto chini ya kiwiko, nami nikaona mkono ukipinda mahali pasipo na kiungo.

Juu ya baba alisimama kijana ameinua fimbo kwa mkono wa kulia. Nilikuwa na kile kisu. Nilipiga kwenye mkono.

Kisu cha chuma cha angani kinakata vizuri. Vidole viwili vilianguka kwenye mfereji wa njegere. Aliyevipoteza alinigeukia, na alikuwa mwenzangu wa benchi. Hakupiga kelele. Alitazama mkono, akanitazama mimi, akafungua mdomo kama alivyokuwa akifanya darasani anapotaka kunisemea, lakini hakikutoka kitu.

Karani ndiye aliyekomesha. Alipanda ndani ya lori akakandamiza honi asiiachie. Ile sauti ilijaa bonde zima, na mmoja mmoja watu walishusha mikono. Watu wa ng'ambo walibeba majeruhi wao wakavuka. Hakuna aliyekufa siku ile. Yule mzee aliyekanyagwa alikufa baada ya juma moja.

Jiwe lilipakiwa. Baba alilazwa kwenye nyasi, mkono umefungwa kwa vipande vya mwanzi. Bwana alikuwa anafuta damu puani. Bila miwani hakuweza kuona ncha ya penseli yake.

"Nani hapa anajua kuandika?" karani aliuliza.

Watu walinisukuma mbele. Nilikuwa bado na damu mkononi, nikaipangusa kwenye kaptula. Bwana alinipa penseli na ule mchoro. Alikuwa amekwisha kuchora vilima viwili, mstari wa kijito, na msalaba mdogo mahali pa shimo.

Karani aliweka kidole kwenye kilima chetu. "Hiki?"

Nikaandika jina letu. Niliandika polepole, na safari hii hakuna aliyenipiga. Baba aliniangalia kutoka pale alipolala.

"Na hiki cha ng'ambo?"

Hakukuwa na mtu wa ng'ambo wa kusema. Ningeweza kutikisa kichwa. Lakini ni huko nilikojifunza kuandika, na jina hilo niliandika kila siku juu ya daftari langu. Nikaliandika.

Kidole cha karani kikashuka katikati. "Na bondeni?"

Nilijua majina mawili. Ningeandika letu, baba angefurahi, na ningekuwa nimewakata wale mara ya pili. Ningeandika lao, na baba alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Ningeweza kuandika yote mawili. Hilo nimeliwaza baadaye kila siku, kwamba palikuwa na nafasi ya kutosha. Lakini kueleza majina mawili kulihitaji kusema, na koo langu lilikuwa limefunga, na yule aliyekuwa akinisemea alikuwa amebebwa akivuja damu.

"Hakuna jina, bwana," nilisema.

Karani alitafsiri. Bwana akakunja mchoro.

Baba aliniuliza swali moja tu jioni ile, meno yakimgongana kwa maumivu. "Umeandika?"

"Nimeandika, baba."

Alinipigapiga bega kwa mkono uliobaki. Ilikuwa mara ya kwanza mkono ule kunigusa hivyo.

Karani alipopita tena, masika yaliyofuata, alituletea habari. Jiwe lilikatwa, mistari yake ikatokea mipana, likapewa ukoo wake kati ya yale ya chuma, na likaandikwa kitabuni kwa jina la Njombe. Baba alisikiliza kwa adabu. Alitaka kujua kuhusu mchoro tu.

Mchoro aliuona mpima ardhi. Alikuja kiangazi kilichofuata pamoja na setla, wakiwa na ramani mpya. Baba aliomba nimsomee. Kilima chetu kilikuwepo. Kilima cha ng'ambo kilikuwepo. Mpima ardhi alisema vilima vyote viwili vina wenyewe na havitaguswa. Kisha akapitisha kalamu nyekundu kuanzia chemchemi ya kijito hadi kwenye majani ya kinamasi. Hapo palikuwa peupe. Imeandikwa kwenye faili, alisema, kwamba wenyeji wenyewe walieleza hapana jina, na kilichokuwepo ni msalaba wa jiwe tu.

Watu wa vilima viwili walisimama pamoja wakitazama vigingi vikipigiliwa kwenye vinyungu vyao. Kila pigo la nyundo lilinifika menoni kama siku ile ya mhunzi. Baba mdogo alikwenda kung'oa kigingi cha kwanza, tarishi wa boma aliyefuatana na mpima ardhi akampiga kitako cha bunduki mgongoni, na hakuna aliyejaribu tena.

Baadaye wazee wa pande mbili walichinja mbuzi wakala pamoja. Walikubaliana kwamba hakuna mtu wa upande wowote atakayelitaja tena bonde kwa jina lake, wala kujivunia jina la kilima chake mbele ya mwingine. Ndiyo maana sikuyataja majina hayo hapa.

Sasa bondeni kuna pareto. Kiangazi hatuna njegere wala mahindi mabichi, na sisi vijana wa vilima viwili tunapalilia maua ya setla. Mwenzangu wa benchi anapalilia pia, analishika jembe kwa vidole vitatu na kiganja. Kwa miezi mingi hatukusemeshana. Juma lililopita tulipangiwa mstari mmoja.

"Nataka kukuuliza," alisema bila kuinua kichwa. "Sisi tulikuwa tumeondoka. Walipouliza jina la bonde, nani aliwajibu?"

"Mimi."

"Ulisemaje?"

Nikamwambia.

Aliweka jembe chini taratibu. Alinipiga usoni kwa ule mkono wenye vidole vitatu, mara moja, kisha mara ya pili, kisha akanipiga teke nilipokuwa nimeanguka kati ya maua. Nilisikia ubavu ukilia. Msimamizi alipiga filimbi kutoka mbali. Sikuinua mkono wangu kujikinga.

"Ungeniita," alisema akihema. "Hata nikiwa nimebebwa. Ungeniita ningesema."

Akaokota jembe lake, kisha akaokota langu, akanitupia. Msimamizi alikuwa anakuja na kiboko. Niliinuka, nikashika mpini, nikaendelea na mstari wangu karibu na wake, damu ikidondoka juu ya pareto, mpaka tukafika kwenye shimo, ambalo setla hajalifukia bado, na sote wawili tukalizunguka.